KANISA LILILONUNULIWA KWA CHUMVI

Somo la kusoma nyumbani au katika kikundi. Kabla ya kuanza, soma: Kutoka 20:4-5, Kutoka 25:18-22, Hesabu 21:4-9, 2 Wafalme 18:4, Yohana 1:14.



Siku moja nilichukua kalenda ya zamani yenye picha ya kanisa la mbao la nchi ya Ukraine, nikaipeleka katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia. Watu wakaipokezana mkono kwa mkono. Vijana waliuliza habari za ujenzi: ni nani aliyethubutu kupanda juu kule kupigilia vigae? Akina mama waliuliza habari za picha takatifu zilizojaa ndani. Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu sana, hakusema neno mpaka mwisho. Ndipo aliponiambia, "Mwalimu, watu hawa wanainama mbele ya mbao zilizopakwa rangi. Amri ya pili inasema nini?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa wakati ulikuwa umekwisha, na jibu langu halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Kwa miaka mingi niliwaambia walimu wanafunzi chuoni kwamba swali zuri likijibiwa vibaya, mwalimu hana budi kulirudia. Basi leo nalirudia. Lakini nitaanza na kanisa lenyewe, maana mtu hawezi kuhukumu picha kabla ya kujua nyumba ilimotundikwa, wala kabla ya kujua zimetengenezwa kwa kitu gani.

1. MJI WA CHUMVI

Drohobych ni mji wa magharibi ya Ukraine, kusini-magharibi ya mji mkubwa wa Lviv, karibu na milima ya Carpathian. Chini ya ardhi yake mna maji ya chumvi. Tangu zamani watu waliyateka maji hayo visimani, wakayachemsha katika vyombo vikubwa juu ya moto wa kuni mpaka maji yakakauka, chumvi ikabaki. Zamani zile nyama na samaki walihifadhiwa kwa chumvi, kwa hiyo mwenye chumvi alikuwa na mali. Hata nembo ya mji huo ina alama za chumvi, tena tisa.

Katika mji huu limesimama kanisa la Mtakatifu George, yule tunayemwona pichani akiwa juu ya farasi, mkuki mkononi, na joka chini yake. Mapokeo ya mji yanasema kwamba kanisa hili halikujengwa hapo kwanza. Lilikuwa katika kijiji cha Nadiiv, na mwaka 1656 watu wa Drohobych wakalinunua. Walilipa kwa chumvi.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Watu walichukua kile walichokitolea jasho mbele ya moto, kitu cha jikoni kabisa, wakakibadili kwa nyumba ya sala.

Mtu atauliza: kanisa linahamishwaje? La mawe halihamishiki. Lakini la mbao, lililojengwa kwa ufundi wa watu wale, hubomolewa gogo baada ya gogo, likapakiwa juu ya magari ya kukokotwa na wanyama, kisha likapangwa upya mahali pengine. Kanisa la Drohobych lilipata umbo lake tunaloliona sasa katika karne hiyo ya 17, na kando yake ukasimamishwa mnara wa kengele, nao wa mbao, ulio mrefu na mzito kama ngome.

2. JINSI LINAVYOSIMAMA

Makanisa ya aina hii yana vyumba vitatu vilivyopangwa kwa mstari kutoka magharibi kwenda mashariki. Unaingia kwanza katika chumba cha magharibi, ambamo zamani wanawake walisimama wakati wa ibada. Wenyewe wanakiita babynets. Hapa wasomaji wetu watacheka, maana katika lugha yao neno "baba" maana yake ni bibi, mwanamke mzee! Kisha unafika katika ukumbi wa katikati, ulio mpana kuliko vyumba vyote, na huko mbele, upande wa mashariki, ndipo penye altare.

Kila chumba kina paa lake lenye kilele chake. Kwa hiyo kanisa la Mtakatifu George lina vilele vitatu, kila kimoja kimekaa juu ya kiwiliwili chenye pande nane. Wengi hupenda kusema kwamba vitatu hivyo vyamhubiri Mungu wa Utatu. Juu ya chumba cha kuingilia pana jambo lingine la kupendeza, nalo ni kanisa dogo la ghorofani, lenye altare na picha zake.

Kuta zake hazina nguzo kama nyumba zetu za miti na udongo. Ni mihimili mizito iliyolazwa mmoja juu ya mwingine. Pembeni, pale ukuta mmoja unapokutana na mwingine, fundi alikata kila mhimili ili uingie katika mwenzake, zikaumana kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana. Uzito wa mihimili ya juu huikaza ile ya chini, wala hakuna haja ya misumari kuushikilia ukuta. Chombo kikubwa cha fundi kilikuwa shoka. Nikisoma habari hizi nakumbuka hekalu la Sulemani katika 1 Wafalme 6, ambalo mawe yake yalichongwa yakawa tayari huko yalikotolewa, na nyundo haikusikiwa mahali pa ujenzi.

Adui wa mti ni maji, na huko maji huja kama mvua na tena kama theluji. Ndiyo maana paa ni la mwinuko mkali, ili theluji iteremke. Na ndiyo maana utaona paa jingine la chini, kama kanga iliyofungwa kiunoni, linalozunguka kanisa lote. Limebebwa na ncha za mihimili ya ukuta zilizoachwa zitokeze nje. Paa hili huikinga mihimili ya chini, ambayo ndiyo ya kwanza kuoza. Tena watu waliofika mapema kutoka mbali walipata hapo mahali pa kujikinga na mvua.

Juu ya paa na juu ya vilele pamefunikwa vigae vya mbao, vipande vidogo vyembamba vilivyopasuliwa na kupangwa kama magamba ya samaki. Vigae hivyo havidumu. Baada ya miongo michache huoza, na lazima vibadilishwe. Hii ndiyo siri ya kanisa la mbao lililoishi karne nyingi: halikusimama kwa sababu mti haufi, bali kila kizazi kilipanda juu kubadilisha kilichooza. Kizazi kimoja tu kikilala, mvua itaingia, na yote yatakuwa yamekwisha.

Ukiingia ndani, macho hutaka muda kidogo kuzoea. Madirisha ni madogo. Lakini ukiinua uso katikati ya ukumbi unaona kuta zikikaribiana zinapopanda, kama mnara, na nuru ikishuka kutoka juu. Hakuna aliyekuambia uinue macho. Jengo lenyewe limekuinulia.

3. UKUTA UNAOFUNDISHA

Sasa tutazame mbele. Kati ya ukumbi na altare pana ukuta uliojaa picha takatifu, ambazo Wakristo wa Mashariki huziita ikoni. Ukuta wenyewe huitwa ikonostasi. Mgeni huona msongamano wa nyuso na dhahabu. Lakini mwalimu yeyote aliyewahi kutundika chati darasani ataona upesi kwamba hapa pana mpango. Picha zimepangwa kwa safu, na tutazisoma kuanzia chini kwenda juu.

Safu ya chini. Katikati pana milango miwili inayofunguka, iitwayo Milango ya Kifalme. Juu yake kwa kawaida wamechorwa malaika Gabrieli na Bikira Mariamu, siku ile alipopashwa habari, pamoja na Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Maana yake ni wazi: kwa habari njema ndipo mlango ulipofunguliwa. Kuume kwa milango, ukitazama mbele, yupo Kristo. Kushoto yupo mama yake amembeba mtoto. Mbele kidogo kuume huwekwa picha ya mtakatifu au sikukuu ambayo kanisa linaitwa kwa jina lake. Juu ya milango mara nyingi utaona Karamu ya mwisho, kwa sababu Ushirika Mtakatifu hutolewa hapo chini yake.

Safu ya sikukuu. Hapa pana picha ndogo za sikukuu kuu za mwaka: kuzaliwa kwa Bwana, kubatizwa kwake, kuingia Yerusalemu, kupaa, Pentekoste, na nyinginezo. Mtu asiyejua kusoma aliweza kufuata mwaka mzima wa Kanisa kwa kutazama.

Safu ya mitume. Katikati ameketi Kristo katika kiti cha enzi. Mama yake yuko upande mmoja, Yohana Mbatizaji upande wa pili, wote wamemgeukia kwa maombi. Nyuma yao mitume wamesimama, sita huku na sita huku.

Safu ya manabii ndiyo ya juu, wameshika magombo ya unabii wao. Na juu kabisa, penye kilele cha ukuta wote, upo msalaba.

Ukiwa umesimama sakafuni na kutazama, umesoma Biblia nzima: ahadi juu, utimizo katikati, na hapo chini mlango ulio wazi kwa ajili yako. Katika mji wa Rohatyn, katika kanisa la mbao la Kushuka kwa Roho Mtakatifu, umo ukuta wa namna hii wa mwaka 1650 unaosifiwa sana. Huko Drohobych hawakuishia hapo: mafundi wa karne ya 17 walipaka hata kuta zenyewe picha za Maandiko, moja kwa moja juu ya mbao.

4. CHAKI, YAI NA DHAHABU

Ikoni hutengenezwaje? Nieleze kwa mpango, kama tulivyokuwa tukiandika hatua ubaoni.

Kwanza huchaguliwa ubao mkavu wa mti usiopinda upesi, na nyuma yake hutiwa vipande vya kuushikilia usipinde. Pili, mbele hubandikwa kitambaa kwa gundi. Tatu, juu ya kitambaa hupakwa chaki iliyosagwa na kuchanganywa na gundi, tabaka juu ya tabaka, kisha husuguliwa mpaka iwe laini kama pembe ya ndovu. Nne, huchorwa mistari na kubandikwa dhahabu nyembamba sana. Tano, rangi zilizosagwa kutokana na udongo na mawe huchanganywa na kiini cha yai, fundi akaanza na rangi nyeusi-nyeusi na kwenda kidogo kidogo kwenye nuru. Mwisho hupakwa mafuta ya kitani ili kuhifadhi kazi. Mafuta hayo hugeuka meusi kadiri miaka inavyopita, na moshi wa mishumaa huongeza weusi wake. Kwa hiyo ikoni nyingi za kale zinazoonekana za giza hazikuwa hivyo. Ziliposafishwa na wataalamu, rangi nyekundu na kijani zilitokea ming'aro kama za jana.

Jambo moja msilisahau. Kazi haijakamilika mpaka jina la mhusika liandikwe. Na katika taji la nuru linalozunguka kichwa cha Kristo huandikwa herufi tatu za Kiyunani zenye maana ya "Yeye aliye", jina lile alilotajiwa Musa penye kijiti kilichowaka moto (Kutoka 3:14). Hivyo hata mtoto anajua amesimama mbele ya habari za nani.

5. SASA SWALI LA MZEE

Mzee wangu aliuliza kwa haki, na hakuwa wa kwanza. Katika karne ya 8 wafalme wa Constantinople waliamuru ikoni zivunjwe kwa sababu hiyohiyo ya amri ya pili, na Kanisa likagawanyika vibaya. Aliyejibu kwa nguvu kuliko wote alikuwa Yohana wa Dameski, mtawa aliyeishi karibu na Yerusalemu. Nitaeleza hoja yake kwa maneno yangu.

Zamani, alisema, Mungu hakuonekana, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumchora, na aliyejaribu alikuwa akijitungia mungu. Lakini Neno alifanyika mwili. Alionwa kwa macho, aliguswa kwa mikono, alikula samaki. Anayechora uso wake hatungi kitu. Anashuhudia kwamba alikuja kweli. Na tukidharau vitu vya kuonekana, mbao na rangi, tukumbuke kwamba wokovu wetu ulipitia vitu: mti wa msalaba, kaburi la jiwe, mkate na divai.

Mwaka 787 maaskofu wakakutana Nikea na kuamua. Walitenga mambo mawili. Ibada ni ya Mungu peke yake. Ikoni yaweza kupewa heshima tu, na heshima hiyo haikai katika ubao, bali hupita kwenda kwa yule aliyechorwa. Mama anayebusu picha ya mwanawe aliye mbali habusu karatasi, na hakuna jirani atakayemwambia kwamba amesahau mwana na kupenda karatasi.

Je, basi hakuna hatari? Hatari ipo. Kanuni ya 22 katika zile Kanuni 39 za kanisa letu inakataa kuabudu picha, wala sidhani kwamba waliyoiandika walikuwa wanaota ndoto. Lakini Biblia yenyewe hutupa mfano mzuri kuliko wangu. Mungu ndiye aliyemwamuru Musa kutengeneza nyoka wa shaba, na watu walipomtazama wakapona. Baada ya miaka mingi watu wale wale wakaanza kumfukizia uvumba, ndipo mfalme Hezekia akamvunja vipande. Shaba haikubadilika, mioyo ndiyo iliyobadilika. Mungu yule yule aliyekataza sanamu aliagiza makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano.

Kwa hiyo, Mzee wangu, jibu langu ni hili. Siwezi kuapa juu ya moyo wa kila mtu anayeinama katika kanisa la Drohobych, kama nisivyoweza kuapa juu ya wetu tunaoinama mbele ya Meza ya Bwana. Lakini ikoni zilizopangwa kama nilivyoeleza, zenye majina, zinazomwelekea Kristo mmoja aliye katikati, hazikutengenezwa ili zimfiche Mungu. Zimetengenezwa ili zituonyeshe alikoingilia duniani. Chumvi ikawa kanisa, chaki na yai vikawa mahubiri, kwa sababu kwanza Neno akawa mwili.

6. WALIOVITUNZA

Makanisa haya hayakuwa na maisha ya raha. Mwishoni mwa karne ya 17, mwaka 1691, askofu wa Przemyśl aliyesimamia eneo la Drohobych aliingia katika umoja na Roma, na watu wake wakaitwa Wagiriki-Wakatoliki, ingawa waliendelea na ibada ya Mashariki na ikoni zao. Mwaka 1946 serikali ya Kisovieti iliwafutia kanisa lao, na viongozi wao wengi wakafungwa. Makanisa mengi yalifungwa au yakageuzwa maghala. Watu waliendelea kusali kwa siri mpaka mwaka 1989, waliporuhusiwa tena. Mtakatifu George wa Drohobych leo ni sehemu ya jumba la makumbusho la mji.

Mwaka 2013 UNESCO iliingiza makanisa 16 ya mbao ya eneo la milima ya Carpathian katika orodha ya urithi wa dunia, 8 ya Ukraine na 8 ya Polandi. La Drohobych ni mojawapo, na la Rohatyn pia.

Kisha, tarehe 24 Februari 2022, majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine pande nyingi. Mwezi Machi wafanyakazi wa Makumbusho ya Taifa ya Lviv waliishusha ikonostasi kubwa ya Bohorodchany, kazi ya mchoraji Yov Kondzelevych ya miaka ya 1698 hadi 1705, wakazificha ikoni zake mahali pa usalama. Picha hizo zilikuwa zimekwisha kuhama hata kabla ya hapo: monasteri ya Maniava zilikotengenezewa ilifungwa mwaka 1785, zikanunuliwa na watu wa Bohorodchany kwa ajili ya kanisa lao la mbao. Hofu ya wafanyakazi wale haikuwa ya bure. Tarehe 4 Juni 2022, mashariki ya nchi, kanisa kubwa la mbao la monasteri ya Sviatohirsk liliteketea kwa moto wa vita. Mti uliokaushwa vizuri hauhitaji cheche nyingi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi wa vigae. Yeye hakujenga kanisa, wala jina lake halikuandikwa. Alipanda tu, akatoa kigae kilichooza, akaweka kizima, akashuka. Na wale waliobeba ikoni gizani mwaka 2022 walifanya kazi ile ile. Imani tuliyopokea sisi nayo ilifika kwetu kwa mikono ya namna hiyo, na zamu sasa ni yetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Watu wa Drohobych walitoa chumvi. Usharika wetu una nini cha kila siku ambacho twaweza kukitoa kwa nyumba ya Mungu?

2. Soma tena Hesabu 21:4-9 na 2 Wafalme 18:4. Ni kitu gani kanisani mwetu, hata kama si picha, ambacho twaweza kuanza kukiabudu badala ya Mungu?

3. Kama ungeagizwa kupanga picha saba tu kwa ajili ya kumfundisha mtoto asiyejua kusoma, ungechagua habari gani, na ungeweka ipi katikati? Eleza sababu.

4. "Kigae" kipi katika kanisa letu kimeoza, na ni nani atakayepanda?